Fausta na Mtungi Ulionyamaza

Jikoni kwa Bibi Kolumba palikuwa na mtungi.

Ulikuwa mweusi na mnene, wenye shingo fupi. Ulikaa konani, juu ya kata ya majani makavu ya mgomba.

Na jikoni humohumo alikuwamo Fausta. Fausta alikuwa na miaka saba, pengo moja la jino, na maswali mengi.

Nyumba yao ilikuwa mlimani, katikati ya mibuni. Asubuhi ukungu ulikuja mpaka mlangoni, ukachungulia ndani, ukaondoka.

Fausta aliupenda mtungi ule kwa sababu moja. Mtungi ulikuwa unasema.

Ukitega sikio, unausikia.

*Pwi. Pwi. Pwi-pwi-pwi.*

Ilikuwa togwa. Bibi aliitengeneza kwa uji wa mahindi na kimea cha ulezi. Ilikuwa tamu, tena kali kidogo. Ukiinywa, ilikutekenya ulimi.

*Pwi. Pwi. Pwi-pwi-pwi.*

Siku moja, siku ya Alhamisi, Mama alikuwa amempakata mtoto. Mtoto aliitwa Honorata. Alikuwa mdogo wake Fausta, na alikuwa na miezi mitatu tu.

"Jumapili Honorata anabatizwa," Mama alisema. "Wageni watakuja."

"Basi togwa iwepo," alisema Bibi, akamgeukia Fausta. "Mama yako alibatizwa kwa togwa. Mimi nilibatizwa kwa togwa."

Fausta alishangaa. "Si kwa maji, Bibi?"

Bibi alicheka. "Kwa maji kanisani. Kwa togwa nyumbani."

Kisha Bibi akaushika mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua. "Mkono huu unauma. Safari hii togwa atatengeneza Fausta."

"Fausta?" Mama aliuliza. "Huyu huyu asiyeweza kusubiri chai ipoe?"

"Huyu huyu," alisema Bibi.

Fausta alisimama wima. Alijiona mrefu.

Bibi akaleta bakuli la kimea. Kilikuwa unga wa ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa. Kilinukia vizuri.

Kisha Bibi akaleta kibuyu kidogo. Ndani yake mlikuwa na togwa ya zamani, kikombe kimoja tu.

"Hii ndiyo mbegu," alisema. "Togwa mpya huanza na togwa ya zamani. Na mbegu ni hii tu. Nyingine humu ndani hakuna."

"Nifanye nini, Bibi?"

"Mimi nitapika uji, nitaumimina mtungini. Wewe utasubiri upoe. Ukishapoa, tia kimea. Kisha tia mbegu. Kisha koroga."

"Nitajuaje kwamba umepoa?"

Bibi akainua kidole kimoja. "Kwa kidole na majina."

Fausta alikaa chini asikie vizuri.

"Kwanza acha mvuke uishe," alisema Bibi. "Mvuke ukiisha, gusisha ncha ya kidole. Ncha tu. Halafu taja majina, polepole. Ukiungua, toa kidole usubiri tena. Ukiyamaliza yote hujaungua, uji uko tayari. Mimi nilifundishwa hivyo. Sikiliza."

Na Bibi akayataja.

"Editha.
Kolumba.
Wigberta.
Tabu.
Nambunga.
Na mama yake Nambunga."

Fausta aliwajua wawili wa kwanza. Editha ni Mama. Kolumba ni Bibi mwenyewe.

"Wigberta ni mama yangu," alisema Bibi. "Tabu ni bibi yangu. Nambunga ni mama yake Tabu. Wote wametengeneza togwa hii hii, mmoja akimpa mwenzake mbegu."

"Na mama yake Nambunga hana jina?"

"Alikuwa nalo," Bibi alisema taratibu. "Sisi ndio tumelipoteza. Lakini togwa yake hatukuipoteza."

Fausta alihesabu kwa vidole. Majina sita.

"Mbona mimi simo?"

"Huingia aliyetengeneza togwa ikasema," alisema Bibi. "Ikisema, na wewe utaingia."

Fausta aliinua kidole cha saba. Alitaka sana kuingia.

Bibi akawasha moto. Akapika uji. Uji ukachemka.

*Pwaku! Pwaku! Pwaku!*

Mapovu makubwa yalipanda, yakapasuka. Fausta aliyatazama.

*Pwaku! Pwaku! Pwaku!*

Bibi akaepua chungu, akaumimina uji mtungini. Mvuke ukajaa jikoni.

"Haya. Subiri," alisema Bibi. Akaenda kuanua nguo.

Fausta alibaki na mtungi. Akautazama mvuke. Akasubiri kidogo.

Akasubiri kidogo tena.

Kisha Fausta akawaza. Aliwaza hivi:

Uji ukiwa wa moto, unatoa mapovu. Togwa nayo inatoa mapovu. Basi mapovu yanaletwa na moto! Nikisubiri upoe, mapovu yataisha. Bora nitie sasa hivi, moto ungali mwingi!

Lilikuwa wazo zuri sana. Fausta alilipenda.

Hakusubiri mvuke uishe. Hakugusisha kidole. Hakutaja jina hata moja.

Alitia kimea chote. Alitia mbegu yote, mpaka tone la mwisho. Akakoroga kwa mwiko, *koro, koro, koro*. Akafunika mtungi kwa kawa.

"Tayari!" alisema Fausta.

Jioni alitega sikio kwenye mtungi.

Kimya.

"Bado mapema," alisema, akaenda kulala.

Ijumaa asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Fausta alikimbilia jikoni. Akapiga magoti. Akatega sikio la kulia.

Kimya.

Akatega sikio la kushoto.

Kimya.

Akafunua kawa. Hapakuwa na povu hata moja. Uji ulikuwa umeganda, mzito kama ugali wa jana. Akaonja. Haukuwa mtamu. Haukutekenya ulimi.

Mtungi ulikuwa umenyamaza.

Bibi akaingia. Akachungulia mtungini. Akachovya mwiko, na mwiko ukasimama wenyewe.

Bibi akautoa mwiko.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Fausta, jana ulifika jina la ngapi?"

Fausta aliangalia vidole vya miguu yake. Neno "sita" lilikuwa limekaa ulimini, tayari kutoka. Lilikuwa neno fupi tu.

Fausta akalimeza.

"Sikutaja hata moja, Bibi."

"Hata Editha?"

"Hata Editha."

Na Fausta akaeleza yote. Akaeleza habari ya mapovu ya uji, na mapovu ya togwa, na wazo lake zuri.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Umewaza," alisema. "Kuwaza si kosa. Ila yapo mapovu ya namna mbili, na wewe umeyafanya kuwa namna moja."

Mama akaja na Honorata mgongoni. Naye akakaa.

"Tazama," alisema Bibi. Akateleka sufuria ndogo ya maji motoni.

Walisubiri. Maji yakaanza kuimba. Kisha yakachemka.

*Pwaku! Pwaku! Pwaku!*

"Haya ni mapovu ya moto," alisema Bibi. "Maji yakipata moto mwingi, mengine yanageuka mvuke. Mvuke ni mwepesi. Unataka kutoka, basi unapanda juu."

Akaepua sufuria. *Pwaku. Pwa...* Maji yakatulia.

"Ukiondoa moto, mapovu yanaondoka. Umeona?"

"Nimeona," alisema Fausta.

"Je, togwa ikisema, inakuwa motoni?"

Fausta alifikiri. Togwa huwa konani. Na mtungi huwa baridi, baridi kabisa.

"Hapana," alisema polepole. "Sasa mapovu yake anatoa nani?"

"Wadogo," alisema Bibi.

"Wadogo gani?"

"Wenyeji wa togwa. Ni wadogo sana. Sisimizi kwao ni mkubwa kama mlima. Hatuwaoni, lakini wapo. Wamo kwenye mbegu."

"Shuleni tuliwaita vijidudu," alisema Mama. "Wapo wabaya, wanaotuumiza tumbo. Hawa ni wazuri."

"Wanafanya nini humo?"

"Wanakula," alisema Bibi. "Kimea kinaufanya uji uwe mtamu. Wao wanakula ule utamu."

"Wana meno?"

"Hawana. Hata mdomo hawana."

"Wanakulaje sasa?"

"Utamu unapita kwenye ngozi yao," alisema Mama. "Unaingia tu."

Fausta aliutazama mkono wake. Aliona ingekuwa vizuri kula hivyo, hasa mandazi.

"Na wakishakula," alisema Bibi, "wanatoa hewa. Njoo nikuonyeshe."

Bibi akakata bua la jani la mpapai. Lilikuwa na tundu katikati, tangu mwanzo hadi mwisho. Akajaza kikombe maji ya mtungi wa kunywa.

"Weka bua majini. Usivute. Puliza."

Fausta akapuliza.

*Pwi. Pwi. Pwi-pwi-pwi!*

Fausta aliacha kupuliza. Macho yakamtoka. Ilikuwa sauti ya togwa!

"Maji yamechemka?" aliuliza Bibi.

Fausta akachovya kidole. "Baridi!"

"Mbona yametoa mapovu?"

"Ni hewa yangu! Imeingia majini, ikapanda juu!"

"Ndivyo wanavyofanya wale wadogo," alisema Bibi. "Kila mmoja anatoa hewa kidogo. Kidogo na kidogo, mpaka povu. Hewa hiyo ndiyo inayokutekenya ulimi."

Fausta akapuliza tena. *Pwi. Pwi.* Akatabasamu.

Kisha tabasamu likaondoka.

"Bibi. Na moto niliowatilia?"

Bibi akamshika bega. "Ule moto hawauwezi. Wamekufa, mjukuu wangu."

"Wote?"

"Wote wa mtungi huu. Na kimea nacho kimeshindwa kufanya kazi."

Fausta alilia. Hakulia kwa kelele. Machozi yalishuka tu, moja huku, moja huku.

Togwa ya mama yake Nambunga. Ilikuwa imefika mpaka kwake. Na kwake ikafa.

"Tutie kimea kingine, Mama," alisema Mama kumwambia Bibi. "Kimea kipo."

"Kimea kipo, mbegu haipo. Bila mbegu itachelewa. Na Jumapili ni keshokutwa."

Bibi akafumba macho. Midomo yake ilitikisika. Alikuwa akihesabu, ila hakuhesabu majina ya kidole. Alihesabu watu waliowahi kuja na kikombe kitupu.

"Mama Zenobi alipewa, akahamia mjini. Wa kule kanisani alipewa, kibuyu chake kikapasuka..."

Kisha Bibi akafumbua macho.

"Otmari! Mwaka ule alipojenga nyumba. Mkewe alikuja hapa na kikombe cha bati, nikamjazia. Mke ametangulia mbele ya haki, lakini Otmari bado anatengeneza. Fausta, futa machozi. Nyumba ya Babu Otmari unaijua."

Fausta aliijua. Ilionekana kutoka mlangoni, upande wa pili wa kijito. Ilikuwa na bati jekundu.

Bibi akampa chupa ndogo ya plastiki, safi. "Mwombe mbegu. Kisha rudi nayo. Kizibo usikikaze sana."

Fausta akashuka mlima. *Tapu tapu tapu.* Akavuka kijito juu ya mawe. *Hop. Hop. Hop.* Akapanda mlima. *Tapu, tapu, tapu.*

Babu Otmari alikuwa amekaa barazani, amenyoosha miguu. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati. Kando yake palikuwa na kibuyu, kimelala chali, kitupu.

Babu Otmari aliinua kikombe. Akakipeleka mdomoni.

"Babu, usinywe!" Fausta alipiga kelele.

Babu Otmari alishtuka, akachungulia kikombe. "Kuna nzi?"

"Hapana, Babu. Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nzi hayumo, basi nakunywa." Akanywa funda moja. *Gudu.*

"Babu, tafadhali! Hiyo ni mbegu!"

"Hii ni togwa yangu, na hii ni kiu yangu," alisema Babu Otmari. "Iliyobaki ni hii tu. Nyingine nitatengeneza wiki ijayo, kwa mbegu ya bibi yako. Huwa ananipa ikiniishia."

"Haiwezekani, Babu. Ya Bibi imekufa."

Babu Otmari akashusha kikombe. Hakutania tena. "Imekufa? Ya Kolumba? Nani kaiua?"

Fausta alivuta pumzi.

"Mimi. Niliitia kwenye uji wa moto. Nilidhani moto unaleta mapovu."

Babu Otmari akakiweka kikombe chini, kisimwagike. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Umeichemsha kama chai! Ungetia na majani, na sukari, ukaniletea na kitumbua!"

Fausta hakucheka. Jumapili ilikuwa karibu mno.

Babu Otmari aliona uso wake, akaacha. Akakitazama kikombe. Ndani palibaki nusu.

"Nusu itatosha?" aliuliza.

"Bibi anasema ni wadogo sana, hata sisimizi kwao ni mlima."

"Basi humu watakuwa wengi kuliko watu wote wa milima hii. Watatosha." Akamimina polepole kwenye chupa, asimwage hata tone. "Mke wangu alikileta kikombe hiki nyumbani kimejaa. Leo kinarudi nusu. Mwambie bibi yako, ile nusu nyingine nilikuwa na kiu."

"Asante, Babu!"

"Kizibo usikikaze!"

Lakini Fausta aliogopa kumwaga. Alifika kijitoni, akayaona mawe yanateleza. Akakikaza kizibo. Akakikaza kweli kweli.

*Hop. Hop. Hop.* Togwa ikatikisika.

*Tapu tapu tapu.* Togwa ikatikisika tena.

Alipofika nyumbani, chupa ilikuwa imekuwa ngumu. Ukiibonyeza, haibonyei. Povu jeupe lilikuwa limejaa mpaka shingoni.

"Bibi, chupa imekasirika!"

Fausta akashika kizibo afungue.

"Usifungue!" alisema Bibi. "Wadogo wametoa hewa yao, na wewe umewafungia mlango. Tena umewatikisa. Ukifungua ghafla, hewa itatoka mbio na togwa yote itatoka nayo."

Fausta akaondoa mkono haraka. "Sasa?"

"Sasa tunasubiri."

Wakaiweka chupa chini, kwenye ubaridi. Fausta akakaa mbele yake, mikono chini ya mapaja. Mikono ilitaka kufungua. Fausta aliikalia.

Alisubiri.

Povu likashuka kidogo.

Alisubiri.

Povu likashuka tena.

"Sasa legeza kidogo," alisema Bibi. "Kidogo kama ukucha."

*Psss...*

Fausta akaacha kulegeza hapo hapo. Povu likapanda, likafika mdomoni mwa chupa, likachungulia nje. Halikumwagika. Likashuka.

"Kidogo tena."

*Psss...*

Hewa yote ikatoka. Togwa yote ikabaki.

Mama alimtazama Fausta, akamtazama Bibi. "Huyu ndiye asiyeweza kusubiri chai?"

"Alikuwa yeye," alisema Bibi.

Uji ule wa jana walipewa kuku. Kuku hawakulalamika. Mama akauosha mtungi, na Bibi akapika uji mwingine.

*Pwaku! Pwaku! Pwaku!*

Haya ni mapovu ya moto, alisema Fausta moyoni. Haya si yale.

Uji ukamiminwa mtungini. Fausta akakaa kando yake, akautazama mvuke ukipungua, ukipungua, mpaka ukaisha.

Akagusisha ncha ya kidole.

"Editha.
Kolumba. *Aaa!*"

Akakitoa. Akakipuliza, *fuu, fuu*. Majina mawili tu. Akasubiri.

Honorata akalia, akanyamazishwa. Jogoo akapita mlangoni. Fausta akagusisha tena kidole.

"Editha.
Kolumba.
Wigberta.
Tabu. *Aaa!*"

Majina manne. Akasubiri. Safari hii hakutazama jogoo wala chochote. Alimwaza Tabu, kama naye alikuwa na pengo alipokuwa na miaka saba. Alimwaza Nambunga, kama naye aliwahi kukosea.

Akagusisha tena. Uji ulikuwa vuguvugu tu, kama maji ya kumwogesha Honorata.

"Editha.
Kolumba.
Wigberta.
Tabu.
Nambunga.
Na mama yake Nambunga."

Kidole hakikuungua.

Fausta akatia kimea. Akakoroga, *koro, koro, koro*. Uji uliokuwa mzito ukaanza kulainika, ukawa mwepesi.

Kisha akatia mbegu, ile nusu kikombe.

"Karibuni," aliwaambia wale wadogo. "Kuleni."

Akafunika mtungi kwa kawa, bila kubana, ili hewa ipate njia.

Jioni akatega sikio. Kimya.

Fausta hakuifunua kawa. Akaenda kulala.

Jumamosi asubuhi akapiga magoti kando ya mtungi. Akatega sikio la kulia.

Kimya.

Akatega sikio la kushoto. Akabana pumzi.

Kimya...

Kimya...

*Pwi.*

Fausta hakutikisika.

*Pwi. Pwi.*

"Bibi," alinong'ona.

*Pwi. Pwi. Pwi-pwi-pwi.*

"Bibi! Inasema!"

Bibi akaja na kitenge chake cha kulalia. Mama akaja na Honorata. Wote wakainamisha vichwa kwenye mtungi, wanne, masikio yakibanana.

*Pwi. Pwi. Pwi-pwi-pwi.*

Honorata akafungua mdomo wake usio na jino hata moja. Akatoa povu la mate. *Pwi.* Likapasuka.

Wakacheka mpaka Mama akaketi chini.

Jumapili Honorata alibatizwa, kwa maji kanisani, kwa togwa nyumbani. Wageni walikunywa, wakaomba tena. Babu Otmari alikuja na kikombe chake cha bati.

Alikunywa funda la kwanza akiwa amefumba macho. *Gudu.*

"Ndiyo yenyewe," alisema. Akamtazama Fausta. "Haina hata harufu ya majani ya chai."

Kabla hajaondoka, Fausta alikijaza kikombe chake. Hakukijaza nusu. Alikijaza mpaka juu.

Usiku ukaingia. Wageni wakaenda kwao. Togwa ilikuwa imekwisha, ila kikombe kimoja. Hicho hakikunywewa na mtu. Fausta mwenyewe alikimimina kwenye kibuyu kidogo, akakiweka konani.

Kisha akapanda kitandani. Bibi akamfunika blanketi, akakaa pembeni.

"Nipe kidole chako," alisema Bibi.

Fausta akakitoa nje ya blanketi. Bibi akakishika, akataja polepole.

"Fausta.
Editha.
Kolumba.
Wigberta.
Tabu.
Nambunga.
Na mama yake Nambunga."

Fausta aliyahesabu. Kisha akasema, "Bibi, sasa majina ni saba. Mtu atasubiri zaidi."

"Kidogo tu," alisema Bibi. "Kama jina moja."

"Honorata akikua, nitamfundisha. Nitamwambia yapo mapovu ya namna mbili."

"Mwambie."

"Na jina langu asilipoteze."

"Hatalipoteza," alisema Bibi.

Akapunguza taa. Nyumba ikatulia. Mibuni ikatulia. Ukungu ukaja mpaka mlangoni, ukalala.

Lakini jikoni, konani, ndani ya kibuyu kidogo, wale wadogo walikuwa bado wanakula.

*Pwi,* kikasema kibuyu.

Fausta alikisikia. Akatabasamu, akafumba macho.

*Pwi.*

*Pwi...*